Spika za Baba: Kuvisha si Kuficha



Mwaka jana, katika miezi ya baridi ya hapa Maskati, nilifanya jambo lililokaribia kuigawa familia yetu. Nilizichukua spika mbili kubwa za marehemu Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, nikazifungua, nikazitengeneza, kisha nikazivisha vinia ya msaji, yaani ule ubao mwembamba kama karatasi nene unaobandikwa juu ya ubao mwingine. Kabla sijamaliza upande wa kwanza, Dada aliyeko Uingereza alikuwa amekwisha kunipigia simu mara tatu. "Mdogo wangu," aliniambia, "hivyo ndivyo vitu pekee vilivyobaki na alama za mkono wake. Ukivifunika, utabaki na meza mbili nzuri za kuwekea maua, basi."

Maneno yale yalinikaa moyoni. Siandiki haya kwa kujitetea mbele ya Dada, kwani mimi na yeye tumekwisha kuelewana. Naandika kwa kuwa naamini kila nyumba inayosoma ukurasa huu ina kitu chake cha namna hii: sanduku lenye misumari ya shaba, cherehani ya bibi, saa ya ukutani iliyosimama siku nyingi. Na kila nyumba hujiuliza swali lile lile: je, kitu cha mzee kiachwe kama alivyokiacha, au kitengenezwe kitumike? Rai yangu ni kwamba urithi hutunzwa kwa kutumika, na kwamba warithi wanayo haki ya kuuvisha upya. Ila lipo sharti moja kubwa: tusikifiche kile tulichokivisha.

Baba aliwasili Maskati mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya Sultan Qaboos, aliyeshika madaraka Julai 1970, kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga nchi. Kama wengi wa kizazi chake waliotoka Unguja, alikuja na Kiingereza cha skuli, Kiswahili cha nyumbani, na Kiarabu kilichokuwa cha msikitini zaidi kuliko cha sokoni. Miaka kumi hivi baadaye, mhandisi mmoja wa Kimarekani aliyekuwa amemaliza mkataba wake alimuuzia spika hizi, kwa sababu gharama ya kuzisafirisha ilizidi hamu ya kuzibeba.

Na kwa hakika si vitu vya kubebwa. Ni spika za aina ya Klipsch La Scala, kila moja ina kimo cha sentimita 90 hivi, upana wa sentimita 60, na uzito wa zaidi ya kilo 50. Mwasisi wa kampuni hiyo, Paul Klipsch, alikuwa mhandisi wa mji wa Hope katika jimbo la Arkansas, aliyeamini maisha yake yote kwamba sauti hutoka vyema zaidi ikipitishwa katika tarumbeta. La Scala ilitoka mwaka 1963, ikapewa jina la jumba mashuhuri la opera la Milan, ijapokuwa kazi yake ya mwanzo haikuwa ya muziki: ilikusudiwa kupaza hotuba za Winthrop Rockefeller, aliyegombea ugavana wa Arkansas mwaka 1964. Ni mwaka ambao, kwa familia nyingi zetu, hauhitaji maelezo.

Tarumbeta katika spika hufanya kazi ile ile ya viganja viwili unavyovizungushia mdomo unapomwita mtu aliye ng'ambo ya pili. Pumzi ni ile ile, lakini haitawanyiki ovyo. Hutoka kidogo kidogo kupitia njia inayopanuka, ikaikamata hewa ya nje vyema zaidi. Ndiyo maana spika hizi, kwa wati moja tu ya umeme, hutoa zaidi ya desibeli 100 kwa masafa ya mita moja, ilhali spika nyingi za nyumbani hutoa kiasi cha 87 au 90. Baba hakuzipenda kwa makelele. Alizipenda kwa sababu hata zikipigwa kwa sauti ya chini kabisa, kila neno lilisikika.

Na neno ndilo alilokuwa akilitafuta. Usiku wa kuamkia Ijumaa alikuwa akiweka kanda za Ikhwani Safaa, kikundi kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905, na baadaye, wageni wakishapungua, kanda iliyonakiliwa kutoka santuri za zamani za Siti binti Saad. Santuri zile zilirekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928. Sauti yake ilitoka imezungukwa na mchakacho, nasi watoto tukicheka, naye akituambia: "Nyamazeni. Sikilizeni anasema nini."

Alipofariki, spika zilifunikwa shuka jeupe. Juu yake pakawekwa picha zetu za harusi, kisha vyungu vya maua, kisha vitabu vya watoto. Kwa zaidi ya miaka kumi hazikutoa hata sauti moja, na kila mgeni aliyeingia aliambiwa kwa heshima kubwa: "Hizi ni za marehemu." Tulidhani tunazitunza. Lakini tuliyokuwa tukiyafanya ni mazishi ya pili.

Kisha akatokea mnunuzi. Alikuwa mkusanyaji wa vyombo vya zamani, mtu muungwana, na bei aliyoitaja ilikuwa nzuri. Alitoa sharti moja: zisiguswe. Zisipigwe msasa, zisipakwe mafuta, zisibadilishwe hata skrubu, maana katika soko la vitu hivyo kila kitu kikiwa bado ni cha kiwandani ndipo thamani hupanda. Nilimsikiliza kwa makini, nikagundua kwamba hoja yake na ya Dada, ingawa moja ilitoka sokoni na nyingine moyoni, zilifika mahali pamoja: kitu kibaki kama kilivyo, hata kama hakifanyi kazi.

Hapo ndipo nilipojitenga nao wote wawili. Thamani ya soko ni thamani kwa mtu asiyemjua Baba. Na heshima inayokiacha kitu kikioza kwa ndani ili nje kibaki na mikwaruzo yake ni heshima kwa mikwaruzo, si kwa mwenyewe.

Nilianza na sauti kabla ya sura, na huu ndio ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote atakayefuata njia hii. Ndani ya kila spika mna sakiti inayogawa sauti katika sehemu tatu: iliyo chini ya hezi 400 huenda kwenye spika ya besi ya inchi 15 iliyofichwa nyuma ya tarumbeta lililokunjwa, iliyo kati huenda kwenye tarumbeta la chuma lililo juu, na iliyopita hezi 6,000 huenda kwenye tarumbeta dogo la sauti nyembamba. Kapasita za sakiti hiyo huweza kupoteza kipimo chake kadiri miaka inavyokwenda, na hewa ya bahari ya Maskati haina huruma na shaba. Nikang'oa kapasita zilizochoka, nikatia lehemu mpya za kipimo kile kile, nikasugua vichwa vya nyaya mpaka vikang'aa. Tarumbeta la chuma, ambalo ukiligonga hulia kama sufuria, nikalibandika vipande vya mpira kwa nyuma ili litulie. Vifaa vyote nilivyovitoa nimeviweka katika kopo, na kopo limo ndani ya spika.

Ushauri wa pili: fanya kinachoweza kurudishwa nyuma. Mbao za ubavuni za spika hizi ni plaiwudi ya unene wa robo tatu ya inchi, na kwa kuwa mdomo wa tarumbeta la besi ni mpana, mbao hizo hutetema muziki unapopanda. Jambo hili linajulikana kwa wapenzi wa spika hizi. Kampuni yenyewe, ilipotoa toleo la pili mwaka 2006, ilitumia mbao za inchi nzima. Basi badala ya kubandika vinia moja kwa moja juu ya ubao wa Baba, nilikata mbao mpya nne, nikazivisha vinia mezani, kisha nikazikaza kwa skrubu kutokea ndani. Ubao wa zamani uko pale pale chini yake, na mikwaruzo yake yote. Mjukuu atakayetaka kuuona atahitaji bisibisi na subira ya nusu saa.

Kazi ya vinia yenyewe haitaki nguvu, inataka utulivu. Vinia niliyoitumia ina unene usiofika milimita moja. Msaji una mafuta yake ya asili yanayoikataa gundi, kwa hiyo kwanza niliufuta kwa spiriti. Kisha nikapaka gundi nyeupe ya seremala, kwa wembamba, pande zote mbili, vinia na ubao. Nikaiacha ikauke kabisa. Nikaiweka vinia juu ya ubao, ikiwa imezidi kwa upana wa kidole kila upande, nikapiga pasi ya moto kuanzia katikati kwenda nje, huku nikifuatisha pasi kwa kipande cha ubao laini kukandamiza mpaka ipoe. Upande wa ndani nao niliuvisha vinia ya bei nafuu, kwa sababu ubao uliovikwa upande mmoja tu hupinda. Niliichagua gundi hii kwa makusudi: joto linaloishikisha ndilo litakaloiachisha, iwapo siku moja mtu ataamua kwamba nilikosea.

Na nilikosea. Ubao wa kwanza ulitoa malengelenge mawili kwa sababu niliikimbiza pasi. Ilinibidi nipasue kila moja kwa wembe kufuata mishipa ya mbao, nitie gundi kwa sindano, kisha nipige pasi tena. Katika kona moja nilipiga msasa kupita kiasi mpaka plaiwudi ikachungulia. Kona hiyo ipo hadi leo, nami sikuificha. Mwisho nikapaka mafuta ya kitani mikono mitatu, na matambara yaliyolowa mafuta hayo nikayatandaza nje yakauke moja moja, kwani yakirundikwa pamoja huweza kupata joto na kushika moto yenyewe.

Dada aliniuliza kwa nini msaji, ilhali spika zilikuja zikiwa mbao tupu. Nilimjibu kwa ukweli: kwa sababu naupenda. Msaji ni mti uliosafiri kutoka India kuja kuwa majahazi ya Oman na milango ya Mji Mkongwe. Lakini sikudai, na sitadai, kwamba spika hizi zilitoka Unguja. Zilitoka Arkansas, zikapita mikononi mwa mhandisi, zikaja kwetu. Vazi ni la uchaguzi wangu, na nimeandika hivyo kwa kalamu ndani ya ubao, pamoja na mwaka.

Wapo watakaosema kwamba vinia yenyewe ni udanganyifu: mti wa thamani juu, mti wa kawaida chini. Sikubaliani nao. Mafundi wa Misri ya kale walivisha samani zao kwa mbao nyembamba za thamani, na hakuna anayewaita walaghai. Kuvisha hakuwi kughushi isipokuwa pale mwenye kuvisha anapoapa kwamba ndani mna kile kile kilicho nje.

Nisemapo hivi siwezi kuacha kutufikiria sisi wenyewe. Familia zetu zimekuwa mafundi hodari wa vinia. Hapa Ghuba, wengi wetu tulibandika Kiarabu juu ya Kiswahili, tukakaza pasi, mpaka watoto wetu hawajui kwamba bibi zao walilia na kucheka kwa lugha nyingine. Na tunapoikumbuka Unguja, tunabandika milango, marashi na harufu ya karafuu, lakini hatusemi ni mikono ya nani iliyochuma karafuu zile kabla utumwa haujafutwa kisheria mwaka 1897, wala ni nani aliyekuwa mmiliki wa mikono hiyo. Siti binti Saad, ambaye Baba alitunyamazisha ili tumsikilize, alizaliwa Fumba katika ukoo wa watu waliokuwa watumwa, na aliuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji. Sauti tuipendayo kuliko zote katika makumbusho yetu ni sauti ya upande ule tusioutaja. Sipingi uzuri wa milango. Ninachosema ni kwamba kumbukumbu nzuri isiyokubali kufunguliwa kwa bisibisi ndiyo vinia mbaya.

Sasa nimtendee haki Dada, kwani kuna jambo moja alilokuwa sahihi na mimi nilikuwa nimekosea. Nilikuwa nimekwisha kukata ubao wa kufunika juu ya spika ya kushoto. Akaniambia: "Itazame kwanza." Nikaondoa vyungu vya maua, na pale kwenye pembe ya mbele palikuwa na duara jeusi, dogo, na jingine juu yake, na jingine, kama pete zilizoshikana. Ni kitako cha finjani. Kwa miaka zaidi ya ishirini aliiweka kahawa yake mahali pale pale. Ubao mpya ungelilinda duara lile, ni kweli, lakini kuna alama ambazo si za kulindwa gizani. Nikauacha ubao wa juu wa kushoto kama ulivyo, nikausafisha tu. Spika ya kulia ina kofia ya msaji, ya kushoto haina. Wageni hudhani vinia ilinipungukia.

Nyuma pia sikugusa. Nilipoigeuza spika ya kulia nilikuta mwandiko wa Baba wa penseli, kwa herufi za Kiarabu. Nikamwita mwanangu wa kiume, mwenye miaka 14, ambaye Kiarabu chake ni bora kuliko changu. Akayasoma maneno kwa sauti, herufi baada ya herufi, bila kukosea, kisha akanitazama: "Baba, hii si Kiarabu." Hakikuwa Kiarabu. Kilikuwa Kiswahili: Waya nyekundu juu. Usiku sauti iwe ndogo, jirani ana mgonjwa.

Mwanangu alikuwa na herufi, mimi nilikuwa na lugha, na ilibidi tuwe wawili kumsoma mtu mmoja. Kama spika zile zingebaki chini ya shuka, maneno hayo yangebaki yameelekea ukutani. Kama zingekwenda kwa mkusanyaji, angeyaona, huenda hata angeyathamini, lakini asingeyasoma.

Siku tuliyoziwasha, Dada alikuwa kwenye simu na Mama ameketi kiti cha mbele. Nilimuuliza Mama kama nimefanya vibaya. Akapitisha kiganja juu ya msaji, akafika kwenye ile kona iliyoharibika, akasita, kisha akasema: "Baba yenu hakuzinunua azitazame. Weka kanda." Nikaweka. Mchakacho ukaanza, kisha sauti. Watoto wakacheka, kama sisi tulivyocheka. Mama akawaambia wanyamaze, wasikilize anasema nini. Hawakuelewa, na safari hii nilisimamisha kanda, nikawafasiria mstari mmoja mmoja. Sasa ndiyo desturi yetu ya usiku wa kuamkia Ijumaa.

Ndugu wasomaji, siwaambii mkimbilie msasa. Kuna vitu vilivyo dhaifu mno, na kuna vilivyo adimu mno, na hivyo mwachieni mtaalamu. Lakini kile kilicho kizima, kilichofunikwa shuka ukumbini kwenu, kiondoeni shuka. Kwanza kitazameni chini, nyuma na ndani, na waiteni walio mbali wakitazame pamoja nanyi hata kwa simu, maana jicho la mwenzio huona duara la finjani usiloliona wewe. Tengenezeni kinachofanya kifanye kazi. Visheni mnachopenda kukivisha, mwandike ndani kwamba mlivisha. Kisha kitumieni mbele ya watoto, muwaeleze kilichomo, kizuri chake na kibaya chake.

Wabillahi tawfiq.